Mwanasesere Aliyetoka Kambini

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifundisha darasa la kwanza katika shule ya misheni Iyula, na bado nilikuwa nageuka nyuma mtu akiniita mwalimu, nikidhani anaitwa mwingine. Waingereza walikuwa bado wanatawala. Baba yangu alikuwa na shamba la kahawa si mbali na shule, kwa hiyo nililala kwetu na asubuhi nilikwenda kazini kwa miguu, viatu mkononi, nikivivaa nilipofika getini.

Chini ya misheni, mwendo wa saa nzima kuteremka, kulikuwa na kambi ya wagonjwa wa ukoma. Siku hizo mtu akionekana ana ugonjwa ule alipelekwa kambini akakaa huko, na wengi hawakurudi. Kulikuwa na wake na waume huko, na watoto walizaliwa. Mtoto akishaachishwa ziwa alichukuliwa, akavushwa kijito na kuwekwa katika nyumba iliyojengwa ng'ambo ya huku, mlimani, ili asiambukizwe. Mwaka ninaousema watoto wa nyumba ile walikuwa kumi na mmoja. Aliyewalea alikuwa mjane mmoja wa kanisani, mama mnene mwenye sauti ya kiume, na juu yake alikuwa muuguzi wa Kizungu ambaye sote tulimwita Bibi.

Kila Jumapili baada ya ibada watoto waliteremshwa hadi kwenye kijito, nami nilisaidia kuwateremsha. Wazazi wao walisimama upande wa pili. Kijito chenyewe kilikuwa chembamba, kiangazi hata mimi ningeweza kukiruka, lakini hakuna aliyeruka. Waliongea kwa kupaza sauti, kama watu walio mashambani. Umekula? Nimekula. Unalala na nani? Kisha kengele ililia wakapanda.

Mwezi wa kumi na moja Bibi alikuja shuleni. Alisema watoto wale hawana kitu hata kimoja cha kuchezea, na Krismasi inakuja. Akaomba kila mwanafunzi alete kitu, kizuri, si kibovu alichokichoka. Mwalimu mkuu akanitazama mimi. Kazi ya kukusanya ikawa yangu.

Nilidhani itakuwa kazi nyepesi. Wanafunzi walileta kweli. Walileta ng'ombe wa udongo waliokaushwa juani, mipira ya matambara iliyofungwa kwa kamba za mgomba, watoto wa magunzi ya mahindi wenye nywele za yale mahindi yenyewe, magari ya waya. Mzee mmoja aliyekuwa amerudi kutoka migodini Kopabeliti, ng'ambo ya mpaka, alileta basi dogo la bati, lina abiria waliochorwa madirishani, wote wamevaa kofia. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya mwanawe, akafika akakuta mwana ameshazikwa. Aliliweka mezani kwangu, akasema, "Hili lisikae kwangu tena," akaondoka kabla sijamshukuru.

Lakini wazazi wengine walikuja kuuliza maswali. Mama mmoja alisema mtoto wake atatoa kikapu chenye vitu, ila kikapu kisirudishwe. Nilimcheka mbele ya wenzangu, nikasema watu hawa hawajaelimika. Ukweli ni kwamba nami niliogopa. Nilipokuwa mdogo shangazi yangu alijengewa kibanda cha peke yake nyuma ya migomba, na chakula chake kiliwekwa juu ya kisiki. Nilijua jinsi vidole vinavyokuwa mwishowe. Kila niliporudi kutoka kwenye nyumba ya watoto nilinawa hadi kwenye viwiko, na watoto wale hawakuwa hata na ugonjwa.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilijaza vitu vyote kwenye tenga, nikajitwisha. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile na njia ilikuwa utelezi. Pale ambapo njia ya kambini inaachana na njia ya nyumba ya watoto, palikuwa na mwanamke amekaa. Wagonjwa waliruhusiwa kuvuka na kufika pale kuokota kuni, mradi wasimsogelee mtu. Aliponiona alisimama, akarudi nyuma kidogo.

"Mwalimu, usiogope," alisema. "Sikusogelei."

Nilimfahamu kwa sura kutoka Jumapili za kijitoni. Alikuwa mtu wa Kamsamba, kule bondeni kwenye joto na mpunga, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, neno moja moja. Umri wake haukunizidi sana. Mtoto wake alikuwa yule msichana wa miaka mitano mwenye kovu la moto kidevuni, ambaye kila nikifika aliniuliza maswali mpaka nachoka.

"Nasikia unawapelekea watoto vitu," alisema.

"Ndiyo, mama. Vya Krismasi."

"Na mimi nina changu."

Akatoa kwenye upindo wa nguo yake mwanasesere. Akaja hadi kwenye jiwe lililokuwa kati yetu, akamlaza pale, akarudi alikokuwa. Ndipo nami nikatua tenga nikasogea kuangalia. Alikuwa amemshona kwa kitambaa cha mfuko wa unga, akamjaza sufi. Nywele zilikuwa nyuzi za kaniki zilizofumuliwa. Gauni lilikatwa kwenye khanga, nyekundu yenye madoa meupe. Mdomo ulishonwa kwa uzi mwekundu na ulikuwa umepinda upande mmoja, kama mtu anayetaka kusema jambo.

"Ni khanga niliyoolewa nayo," alisema. "Nimeanza kushona mwezi wa nane. Sindano naishika kwa meno."

Nikamtazama mikono. Alikuwa ameificha nyuma.

"Usimpe pamoja na vile vingine," aliendelea. "Mwambie mama yake ndiye aliyeshona. Atajua?"

"Atajua, mama. Nitamwambia."

Nikachuma jani la mgomba, nikamfunga mwanasesere bila kumgusa, nikamtia kwenye pembe ya tenga. Najua yule mama aliliona jani lile. Alinishukuru kwa kupiga goti, mimi msichana wa rika lake.

Nilipofika, Bibi alikuwa amekwisha kutandika kitambaa mezani. Alifurahi kama mtoto. Alilizungusha lile basi la bati mkononi, akawahesabu abiria kwa sauti. Alikuwa mtu mwema, na sitaki msomaji amfikirie vingine. Nilimwona mara mbili akilia kwa sababu ya watoto wale. Kisha akafika kwenye jani la mgomba, akalifungua.

"Huyu mzuri sana! Ametoka wapi?"

Ningeweza kusema ametoka shuleni. Hakuna ambaye angejua. Nikasema, "Ametoka kambini, Bibi. Mama yake yule mwenye kovu ndiye aliyemshona."

Akaondoa mikono. Akamtazama, na uso wake ukabadilika, naweza kusema aliumia kweli.

"Kitu cha kambini hakitoki kambini," alisema mwishowe. "Unaijua sheria, mwalimu. Tukianza kuivunja kwa kitu kizuri, tutaivunja kwa kila kitu. Mtie jikoni."

"Motoni?"

"Motoni. Na mtoto asione."

Sikubisha. Nilimchukua na jani lake, nikazunguka nyuma jikoni. Mama mlezi alikuwa anapika maharage. Alisogeza chungu bila kuuliza. Sufi ilishika moto mara moja, ikawaka kwa kishindo kidogo, lakini ile khanga ilichelewa, ikajikunja polepole. Mama mlezi alitazama mpaka mwisho.

"Usimwambie mama yake," alisema. "Atakufa kwa huzuni. Mwambie amempata, basi."

Siku ya Krismasi watoto walipata vitu vyao. Yule msichana alipata ng'ombe wa udongo mwenye pembe moja, akamfungia kamba, akamvuta siku nzima. Alifurahi kabisa. Hakujua kwamba kuna kitu amekosa.

Baada ya ibada tukateremka kijitoni. Maji yalikuwa yamejaa, mekundu, yana kelele. Mama yake alikuwa mbele ya wenzake wote, amejifunga vizuri, amepaka mafuta. Aliita jina la mwanawe, kisha akapaza sauti:

"Umepata nini?"

Mtoto akainua ng'ombe wake juu. Mama akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Yule mwingine amemwacha ndani," nikapaza sauti, mtoto akiwa ameshageukia ng'ombe wake. "Anaogopa kumchafua na matope."

Aliangua kicheko. Sijasahau kicheko kile. Aliwageukia wanawake wenzake akawaambia kwa lugha yao, nao wakacheka, mmoja akapiga kigelegele.

Jumapili iliyofuata aliuliza kama mtoto analala naye. Nikasema analala naye. Aliuliza kama amempa jina. Nikataja jina la kwanza lililonijia, jina la binamu yangu. Akalirudia mwenyewe mara mbili, akitabasamu. Mtoto alikuwa mbali kidogo akitupa vijiti majini, na kelele za maji zilinisaidia. Lakini Jumapili ya tatu yule mama alisema, "Mwalimu, wiki ijayo mje naye. Mvua ikinyesha mfunikeni. Nataka kumwona mikononi mwake."

Nilirudi nyumbani nikaanza kushona. Mama yangu mzazi alikuwa na khanga nyekundu, si yenye madoa, yenye maua madogo, nikaomba kipande. Nilipata mfuko wa unga, nikapata sufi. Nywele nilifumua kaniki kama alivyofanya yeye. Mdomo nilijaribu kuupindisha, ukakataa. Kila nilivyoushona ulitoka sawasawa. Nilimaliza Ijumaa, na Jumamosi nikampelekea mtoto.

"Huyu ametoka kwa mama yako," nilimwambia. "Amekushonea."

Akampokea, akamgeuza, akamnusa. "Mama yangu ananukia hivi?" aliuliza.

Hakuwahi kumnusa mama yake tangu aachishwe ziwa.

Jumapili tukateremka. Hakukuwa na mvua. Mtoto alikimbia mbele, akasimama ukingoni na kumwinua mwanasesere kwa mikono miwili. Mama yake akasogea karibu na maji kuliko alivyoruhusiwa. Alitazama kwa muda mrefu. Hakucheka.

"Mgeuze," alimwambia mwanawe. "Nione mgongo."

Mtoto akamgeuza.

"Mzuri," alisema mama. "Mtunze. Umesikia? Mtunze."

Wakaongea kama kawaida, umekula, nimekula. Kengele ilipolia na watoto wakaanza kupanda, aliniita. Nikabaki peke yangu upande wangu, naye upande wake, wenzake wamekwenda.

"Mwalimu, yule si wangu."

Nikatazama maji.

"Mishono ile ni ya mtu mwenye vidole vyote," alisema. "Wangu mgongoni nilimshona kwa hatua kubwa kubwa. Wangu yuko wapi?"

"Alichomwa, mama."

"Nani alimchoma?"

Ningeweza kusema Bibi. Ningeweza kusema sheria. "Mimi," nikasema.

Alikaa chini pale pale, kwenye majani yenye maji. Hakulia. Alikuwa anafikiri, kama mtu anayetafuta njia kichwani mwake.

"Bandeji zetu mnazichemsha," alisema. "Kila siku nawaona madresa wanazichemsha, wanazianika, tunafungwa tena. Mnaziita safi. Kwa nini hamkumchemsha?"

Bandeji zile nami nilikuwa naziona kutoka mlimani, zimeanikwa kwenye kamba ndefu, nyeupe. Kama swali hilo lingenijia siku ile mezani kwa Bibi, labda ningesema. Labda nisingesema. Nilitaka amri itolewe na mtu mwingine ili kile kitu kiondoke mikononi mwangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

"Nisamehe," nilimwambia.

"Ungekuja siku ile ile ukaniambia, ningelia, yakaisha. Lakini umenichekesha mbele ya watu wiki tatu." Akasimama, akajifuta matope. "Mtoto asijue. Huyo ndiye niliyemshona mimi, mwache ajue hivyo. Ila wewe usije tena Jumapili. Aje mwingine."

Akaondoka. Nilimwambia mama mlezi kwamba nina kazi nyingi za shule, awateremshe watoto mwenyewe. Alinitazama, akaelewa.

Nilimweleza Bibi yote. Nilimweleza na lile swali la bandeji. Alikuwa amesimama dirishani, akabaki amenipa mgongo. Baadaye alisema, "Wewe au mimi, mmoja wetu alipaswa kulifikiria." Krismasi iliyofuata sufuria kubwa iliwekwa kando ya kijito, na wazazi wa kambini waliotaka kuwashonea watoto wao walishona, vitu vikachemshwa, vikavushwa. Watu waliisifu misheni kwa jambo hilo. Yule mama hakuwapo.

Lakini hayo ni ya mwisho wa mwaka; kabla yake, mwezi wa pili, wiki chache tu baada ya siku ile kijitoni, mvua ilinyesha siku nyingi bila kupumzika, na kambini ukaingia ugonjwa wa mapafu. Dresa mmoja, mfunga vidonda wa kambini, aliyepita shuleni ndiye aliyeniambia kwamba mwanamke wa Kamsamba yu hoi. Niliomba ruhusa kwa Bibi. Alinipa, pamoja na blanketi la kumpelekea.

Siku hiyo ndiyo niliyovuka kijito kwa mara ya kwanza. Maji yalifika kiunoni na dresa alinishika mkono. Nilikuwa nimeishi karibu na kambi ile miaka yangu yote, na sikujua kwamba ina bustani za mboga, na kuku, na kanisa dogo la matete, na watu waliotoka kwenye vibanda vyao kunisalimia kama wanavyosalimiana kwetu.

Alikuwa amelala karibu na moto. Pumzi yake ilisikika tangu mlangoni. Nilipiga magoti, nikamfunika blanketi. Alifumbua macho, akanitambua polepole.

"Umevuka," alisema.

"Nimevuka, mama."

Aliomba maji. Nikainua kichwa chake, nikashika kata. Mkono wake ukaja kuishika pia, ule mkono aliokuwa anauficha, ukawa juu ya wangu. Ulikuwa wa moto sana. Sikuuondoa. Nasema hivi si kwa kujisifu. Kilikuwa ni kitu kidogo, na kilikuwa kimechelewa.

"Ananiulizia?" aliuliza.

"Kila siku."

Akanikazia macho. "Hiyo ni kweli, au ni kama zile?"

"Ni kweli, mama. Jana ameniuliza kama unajua kuimba."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akaanza kuimba, au kujaribu, kwa lugha ya kwao, sauti ikikatikakatika, mistari miwili tu, akashikwa na kikohozi. Sikuelewa maneno. Nilikaa mpaka dresa akaniita kwamba maji yanapanda, nikaondoka. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba tena. Alifariki siku ya tatu yake.

Walimzika kwenye makaburi ya kambini. Bibi aliamua watoto wasiende, lakini mama mlezi, ambaye hakuwahi kumbishia, siku hiyo alimbeba yule msichana mgongoni, mkubwa vile, akateremka naye hadi ukingoni. Mimi nilikwenda pamoja nao. Tuliona watu wakipita na jeneza la mbao mbichi, tukasikia nyimbo. Mtoto alitazama upande wa pili akimtafuta mama yake kati ya wanawake waliosimama. Alimaliza wote, akaanza tena upya.

"Hajaja leo," alisema.

Mama mlezi alinigeukia. Ikabidi niseme mimi. Nilimwambia ukweli, kwa maneno machache niliyoweza, pale pale kwenye majani. Alinisikiliza. Aliuliza kama Jumapili atakuja. Nikasema hapana. Na ile nyingine? Hapana, mwanangu. Hata ile nyingine.

Barabara za kushuka bondeni zilipokauka, na Mto Momba ukaruhusu watu kupita, mjomba wake alikuja kumchukua. Alikuwa mtu mrefu, mpole, amekuja na baiskeli kutoka Kamsamba kwa siku nne. Alikuwa ameleta gunia dogo la mchele kwa shukrani, akamkabidhi mama mlezi kwa mikono miwili. Alimfungia mtoto nguo kuukuu kwenye kibebeo cha nyuma ili asiumie. Mtoto hakulia. Aliniuliza kama Kamsamba kuna mbu, nikamwambia wapo, akauliza kama kuna viboko, nikasema nasikia wapo mtoni. Akaridhika. Mjomba akaisukuma baiskeli hadi barabarani, akapanda, wakaenda.

Mwaka uliofuata niliolewa Tunduma, nikaacha kufundisha. Mume wangu alikuwa na duka dogo karibu na mpaka, na nilijifunza maneno ya Kibemba ya kuuzia chumvi na vitambaa. Wakati wa mavuno watu wa bondeni walikuwa wanapandisha mchele kuja kuuza, na kila nikimsikia mtu anasema ametoka Kamsamba nilimuuliza. Nilieleza kovu la kidevuni, nilieleza mjomba mrefu mwenye baiskeli. Mmoja aliniambia anadhani amemwona kanisani, msichana mkubwa sasa, anaimba. Mwingine alisema familia ile ilihama na ng'ombe zao kuelekea ziwani Rukwa. Wengi walisema hawamjui. Niliwashukuru, nikapima mchele wangu, nikarudi dukani.